Mashudu ya Wakimbiaji

Kwa miezi kadhaa sikuweza kula dagaa. Nikiona vile vimikia kwenye sufuria, mate ya kichefuchefu yalinijaa mdomoni, nami nikasogeza sahani. Nyumbani walidhani ninaumwa. Nilikuwa ninatoka kwenye chumba cha panya.

Nikieleze chumba chenyewe, maana nikikiruka nitaonekana ninamsingizia mtu. Kilikuwa stoo ya zamani ya pamba pale Somanda, Bariadi, nyuma ya nyumba aliyopanga daktari wa mifugo. Daktari si mwenyeji wetu. Ni mtu wa Kilimanjaro aliyeletwa huku na serikali, na wakati ule alikuwa anafanya kazi huku anasomea shahada ya pili. Ndani ya stoo aliweka vizimba vya waya vyenye panya weupe ishirini, macho mekundu. Kumi walikuwa wa kukimbia, kumi wa kukaa tu. Mimi nilikuwa wa kubadilisha maranda, kuosha chupa zao za maji, kuwapeleka kwenye mashine na kuwarudisha.

Shule yangu ni ya darasa la saba. Aliniambia amenichagua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Alinipa kalamu na daftari gumu.

"Mama, kila unachokiona andika. Hata kama unadhani ni upuuzi."

Hilo halikunisumbua. Tangu nikiwa msichana nina daftari langu la siku, ninaandika na kufuta, ninaandika na kufuta. Sijawahi kuwa na hakika na nilichoandika jana.

Siku ya kwanza alinieleza mengi kwa haraka, akiwa na funguo za pikipiki mkononi. Niliandika yote. Kati ya hayo kuna mstari huu, kwa mkono wangu mwenyewe: *Wale chakula cha mfuko tu. Wasipewe kitu kingine.* Ninauweka hapa mapema, ili mtu asije akasema niliuficha.

Harufu ile sijui niifananishe na nini. Mkojo wa panya unapanda puani kama kitunguu kilichooza, halafu unashuka na kukaa kooni, na kule stoo ulichanganyika na mafuta ya zamani ya mbegu za pamba yaliyokuwa yameingia sakafuni. Nilifunga khanga puani. Niliosha mikono kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ya vidole ikapasuka, na bado nikila ugali nilihisi panya.

Ila lazima niseme na upande wa pili. Nyumbani kwangu panya ninawatega. Nimewawekea sumu, nimewafagia asubuhi wakiwa wamekakamaa, nikatupa, nikaenda kuchemsha chai. Kwa hiyo nisijifanye mtu wa huruma. Kinyaa changu cha kwanza kilikuwa cha panya wenyewe. Cha watu kilikuja baadaye, na cha kwangu mimi kikaja mwisho.

Niliuliza siku moja wanakimbizwa kwa ajili gani. Daktari alikuwa mtu wa kueleza, hakunidharau. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Umewahi kuendesha baiskeli kutoka Dutwa na gunia la mahindi nyuma?"

"Nimeendesha."

"Ukifika kwenye mwinuko, mapaja yanakuwaje?"

"Yanawaka moto."

"Basi wakati huo kwenye damu kuna kitu kinapanda, kinaitwa laktati. Mwili unafanya kazi kuliko pumzi inavyoweza kuulisha, hicho kinajaa. Sasa kijana anayebeba magunia kila siku, mwinuko ule ule, mzigo ule ule, yeye hauoni. Kwake laktati inapanda kidogo tu. Ndiyo maana anafika mbali."

"Hilo kila mtu Dutwa analijua, Daktari."

Alicheka. "Wanalijua. Mimi natakiwa nilipime."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Aliniambia pia kwamba hii ilikuwa mara yake ya pili. Panya wa kwanza walikufa na joto la Oktoba, stoo ikiwa imefungwa. Chuo kilimwandikia kwamba mara ya tatu haipo. Wasipokimbia hawa, anarudi kuchanja ng'ombe na cheti alichokuja nacho. Alilisema hilo akitazama vizimba, si mimi.

Mashine yenyewe ni mkanda mweusi unaozunguka, umegawanywa vichochoro kwa vioo. Panya anawekwa juu, mkanda unaanza, anakimbia asirudi nyuma. Kule nyuma kuna nondo ndogo ndogo zenye umeme. Panya akichoka, mkanda unamrudisha mpaka miguu ya nyuma inagusa nondo, anapigwa shoti, anaruka mbele. Daktari alisema ni shoti ndogo, akaweka kidole chake mwenyewe ili nione. Alikunja uso kidogo tu. Ni kweli, ilikuwa ndogo kwa kidole cha mtu mzima.

Mkanda ukisimama, nilimshika panya kwenye kitambaa, kichwa ndani, mkia nje. Daktari alichoma ncha ya mkia, akakamua tone, akaligusisha kwenye kijiti cha kipimo, kama kile cha wagonjwa wa kisukari. Namba ikatokea. Hata panya wa kukaa walipandishwa mara moja kwa wiki, kwa mwendo ule ule, wapimwe ili walinganishwe. Baada ya wiki kadhaa ncha za mikia zilikuwa na magamba ya damu kavu, nyingine zimevimba. Mikononi mwangu mikia ilikuwa kama viwavi. Halafu Daktari alinawa, akakaa mlangoni, akala mandazi. Alinawa vizuri, kwa sabuni, hilo nililiona kila siku. Lakini kila alipolamba sukari kidoleni nilitazama pembeni.

Mandazi yalitoka kwa mama wa jirani, aliyekaanga kando ya ukuta wetu. Huyo aliniuzia kwa kunitupia, mkono wake usiguse wangu.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma kila asubuhi, umeamkaje mama, kisha papo hapo: "Hao wanao jana wamekimbia wamefika wapi?"

"Wamekimbia pale pale."

"Pale pale. Yaani mtu kasoma mpaka Morogoro, aje Bariadi kukimbiza panya wasiofika kokote. Ungemwambia aje kwangu nyumbani. Mimi wangu wanakimbia bure."

Nilicheka naye. Nikiwa peke yangu sikucheka.

Wiki tatu za kwanza mambo yalikwenda kama Daktari alivyosema. Wakimbiaji walizoea mkanda. Shoti zilipungua. Namba zao za laktati zilishuka, za wale wa kukaa zikabaki juu, na Daktari alikuwa anapiga mluzi akiziandika. Mimi nilikuwa wa kwanza kumwona panya mmoja aliyekuwa na doa la njano mgongoni akikimbia mbele kabisa ya kichochoro, pua imegusa kioo, kana kwamba anataka kupita. Niliandika: *Anafurahi.* Kisha nikafuta, kwa sababu sijui panya akifurahi anakuwaje.

Wiki ya nne akaongeza mwendo. Hiyo ilikuwa kwenye mpango wake tangu mwanzo, hakubuni. Shoti zikarudi. Panya akipigwa hulia sauti nyembamba kama msumari kwenye bati, na wengine hujisaidia pale pale, kinyesi kikasagwa na mkanda, nami nilitakiwa kukifuta kwa kijiti kabla ya kumweka mwingine. Siku moja yule wa doa la njano alilala kwenye nondo akaacha kuruka. Alilala tu, mwili unarukaruka wenyewe. Daktari alizima, akamtoa, akaandika muda. Sheria yake ilikuwa hivyo: akikaa pale kwa hesabu kadhaa, amechoka, basi. Hakumwacha hata kidogo zaidi. Lakini hesabu ile alihesabu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayehesabu mayai.

Siku hiyo ndiyo nilianza.

Lazima nieleze kwetu. Baba yangu yuko Lalago, ana ng'ombe na jozi mbili za maksai. Msimu wa kulima, jembe likifunguliwa, kabla maksai hawajaenda malishoni, baba anawawekea mashudu ya pamba, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, kwenye nusu pipa, na chumvi kidogo juu. Ni wale waliovuta tu. Ndama akileta pua anafukuzwa. Tukiwa wadogo kaka yangu alimpa mtamba mmoja mzuri, kwa kumpenda, akachapwa. Baba alisema aliyevuta ndiye anayelamba. Kwake hilo lilikuwa haki zaidi kuliko huruma: umemtumia, mlipe, tena kabla jasho halijakauka.

Mashudu kwangu hayakosekani, kaka huniletea nusu gunia kwa ajili ya mbuzi wangu wawili. Kesho yake nilikuja na kopo la maziwa ya unga lililojaa mashudu niliyoyatwanga laini. Daktari alipotoka kwenda wilayani, nilimpa kila mkimbiaji kiasi cha kiganja. Wale wa kukaa sikuwapa. Hawakuwa wamevuta.

Walikuja. Ndicho kilichonimaliza. Panya waliokuwa wananikimbia na kujibanza pembeni ya kizimba sasa walikuja mlangoni wakisikia kopo, wakapanda mkononi, wakala kwenye kiganja changu na yale meno yao ya njano, na mimi ninayewachukia nilisimama pale na ngozi imenisisimka nikawaacha wale. Nyumbani niliandika kwenye daftari langu: *Leo nimewapa wakimbiaji mashudu. Ni haki yao.* Kwenye daftari la Daktari niliandika: *Wamekula vizuri.* Sikuandika uongo. Ila nilijua nimeandika katika madaftari mawili vitu viwili.

Mstari ule wa siku ya kwanza niliukumbuka. Nilijiambia mashudu si "kitu kingine". Ni tuzo.

Baada ya majuma mawili wakimbiaji walianza kuacha chakula cha mfuko. Manyoya yakasimama. Daktari alipowapima uzito aliguna, akawapima tena. Kwenye mkanda waliishia nyuma mapema, na namba za laktati, badala ya kushuka, zikapanda. Akanunua vijiti vipya, akidhani vya zamani vimeharibika. Akajipima hata yeye mwenyewe kidoleni. Kipimo kilikuwa kizima.

"Wamekuwa wavivu," alisema.

"Pengine wamechoka, Daktari."

"Mazoezi hayachoshi hivyo, Mama. Mazoezi yanajenga. Hilo hata Dutwa wanalijua, si ulisema?"

Akapandisha umeme kidogo. Sitaki kuongeza chumvi, aliupandisha kidogo, ndani ya kipimo kilichoandikwa kwenye makaratasi yake. Lakini sauti ilibadilika. Nami jioni ile niliongeza mashudu, viganja viwili badala ya kimoja, kwa sababu waliteseka zaidi. Kesho yake walikimbia vibaya zaidi. Akaongeza. Nikaongeza. Ninapoandika haya ninajiona mimi na yeye tumeshika kamba moja, kila mmoja anavuta upande wake, na panya yuko katikati.

Yule wa doa la njano alikufa kwenye maranda, si kwenye mashine. Nilimkuta asubuhi. Wenzake walikuwa wameanza kumla kwenye tumbo. Nilitoka nje nikatapika kwenye mfereji, na muuza mandazi akaniletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe, akanishika bega.

"Mayu, acha kazi hii."

"Nitaacha."

"Unasema tu."

Sikuacha. Nilijiambia nikiacha hakuna wa kuwapa mashudu.

Ilikuwa asubuhi, wiki ya nane, nami ninaosha chupa mlangoni, kopo langu liko chini ya khanga kando ya ndoo. Alikuja mwalimu mmoja mgeni aliyehamishiwa shule ya huko nje ya mji, anafuga nguruwe. Alisimama uani akamweleza Daktari: nguruwe wanakonda, wanahema, wawili wamekufa ghafla.

"Unawalisha nini?"

"Pumba. Na mashudu, mtaani kwangu kila mtu anayo."

"Mashudu gani, ya alizeti?"

"Ya pamba, Daktari. Huku alizeti iko wapi?"

Daktari alipiga paji la uso kwa kiganja, taratibu. "Mwalimu, yana sumu hayo. Ng'ombe mkubwa anayastahimili, ana matumbo manne, yanaivunja kabla haijamfikia. Nguruwe hana. Inamlegeza, moyo unachoka, pumzi inakata. Acha kuwapa leo hii."

Mwalimu akasema asante, akauliza kuhusu kuku, akajibiwa, akaondoka na baiskeli yake. Mimi bado nilikuwa na chupa mkononi, maji yanamwagikia miguu.

"Daktari. Panya ana matumbo mangapi?"

"Moja, kama wewe," alisema akicheka, akageuka kuingia ndani.

Nilimwacha aingie. Hili sitalificha: nilimwacha. Nilikaa kwenye kizingiti muda wa kuosha chupa zote zilizobaki, nikizitafakari njia zangu. Ningeweza kulitupa kopo. Panya wangepona kidogo, au wangekufa, naye angeandika kwamba mazoezi yaliwadhoofisha, chuo kingemkataa, angerudi kwenye chanjo bila kujua kwa nini. Hakuna ambaye angenishuku. Au nimwambie, na ni mimi nimemnyima mara yake ya mwisho. Katika njia zote mbili, anaharibikiwa. Tofauti ni kama atajua tu.

Nilichukua kopo nikaliweka kwenye meza yake, juu ya makaratasi. Nikafungua kifuniko.

Alitazama. Alinusa. Hakuuliza ni nini, maana uso wake ulikwisha badilika.

"Wote?"

"Wakimbiaji tu."

"Tangu lini?"

Sikuwa na hakika, na sikutaka kumpa jibu la kubahatisha. Nilikwenda nyumbani kulichukua daftari langu la siku. Nilirudi likiwa limefunguliwa ukurasa wenyewe, nikamwekea mbele. Alisoma: *Ni haki yao.* Kisha akafungua lile lake, siku ile ile: *Wamekula vizuri.*

"Kwa nini, Mama?"

"Walivuta."

Hakuelewa. Nilimweleza maksai wa baba, nusu pipa, chumvi. Nikasikia maneno yangu yalivyo madogo. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, na ni lazima niseme kwamba hakunitukana. Alisema jambo moja tu lililonichoma: "Nilikuwa nawapiga shoti kwa kuwa wagonjwa."

"Niliyekuwa nikiwaumiza ni mimi."

"Tuliwaumiza wote wawili," alisema. Kisha akakaa.

Ukurasa wa daftari langu ulikuwa kati ya vidole vyake, gumba juu, kama mtu anayetaka kuupindua au kuuchana. Nilimwangalia. Wiki tatu za kwanza namba zake zilikuwa nzuri. Angeweza kuandika hizo, akasema panya wengine walikufa kwa ugonjwa. Nadhani aliliwaza hilo. Pengine ninamsingizia, pengine alikuwa anahesabu siku. Mwisho alichukua kalamu akanakili tarehe zangu kwenye karatasi zake, moja moja, na kiasi: kiganja kimoja, viganja viwili. Kisha akalirudisha daftari langu akiwa amelifunga.

"Hata hivyo sijui kama ni mashudu," nilisema. "Pengine ni mwendo."

"Hata mimi sijui. Ndilo tatizo lenyewe. Sasa hatutajua."

Kwa sheria ya kazi yake panya wa jaribio lililoharibika hawaachwi. Hawatolewi nje, hawapewi mtu. Siku iliyofuata, mchana, alileta ndoo ya plastiki yenye mfuniko, akaweka ndani bonge la pamba, pamba ya hapa hapa, akalimwagia dawa ya usingizi. Harufu yake tamu ilishinda ya mkojo, na ikawa mbaya zaidi.

Alianza na wale wa kukaa. Walimkimbia, walimng'ata glavu, ilibidi awakamate kwa mikia. Alipofika kwenye vizimba vya wakimbiaji, alisimama, akanigeukia.

"Mama, wewe wanakujua."

Ningeweza kukataa. Sikukataa, na sijui mpaka leo kama ni kwa ajili yake, au kwa ajili yao, au kwa kuwa nilizoea kutii. Niliosha mikono kwanza, sijui kwa nini niliosha kabla. Nikafungua mlango wa kizimba cha kwanza, nikaingiza kiganja kitupu.

Walikuja wenyewe. Wakanusa katikati ya kiganja, pale ninapowekaga mashudu, wakapanda. Manyoya yao yalikuwa makavu kama majani ya mwisho wa kiangazi, na mbavu nilizihisi zote. Niliwapitisha mmoja mmoja hadi kwenye ndoo, na kila mmoja aliendelea kunusa kiganja mpaka mfuniko ulipofungwa.

Jioni niliandika kwenye daftari langu idadi yao na kwamba hawakunikimbia. Nilitaka kuufuta mstari huo wa pili, nikashika raba, nikauacha. Halafu nikachota mashudu kwa ajili ya mbuzi, nikanawa, nikanusa mikono, nikanawa tena.